Kitabu Kilichosema Watu Wamekwisha

Kitabu chenyewe kilifika ndani ya katoni ya vitabu vya msaada, pamoja na vitabu vya hesabu vya darasa la tatu na kamusi moja iliyopoteza kurasa za mwanzo. Juu ya jalada kulikuwa na picha ya mashine ya miguu mitatu, ndefu kupita mkaratusi, inachoma nyumba. Vijana wangu wa Jumamosi wakakigombania. Mimi ndiye ninayeongoza kikundi cha kusoma hapa Rwamwanja, basi nikasema nitakisoma mimi kwanza, halafu nitakuwa ninawasimulia kwa Kiswahili, sura kwa sura. Siku ya pili nikajuta.

Kinaitwa The War of the Worlds, yaani vita vya dunia mbili. Aliyekiandika ni Mwingereza H. G. Wells. Kilitoka kwanza vipande vipande kwenye gazeti mwaka 1897, kisha kikawa kitabu mwaka 1898. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi: viumbe kutoka Mirihi, ile sayari nyekundu wengine tulifundishwa shuleni kwa jina la Mars, wanatua Uingereza na kuanza kumaliza watu kwa mwali wa moto na moshi mweusi wa sumu. Ukisikia hivyo unafikiri utakesha nacho. Lakini sura ya kwanza ni somo la nyota. Umbali wa sayari, joto la sayari, umri wa sayari. Sentensi inaanza juu ya ukurasa, inapita Woking, Chobham, Weybridge na Leatherhead, vijiji ambavyo sijui kama viko mlimani ao bondeni, na ikifika mwisho umesahau nani alikuwa anafanya nini.

Halafu watu wengi hawana majina. Msimulizi hana jina, mke wake hana jina, ndugu yake hana jina. Askari ni askari tu, padri ni padri tu. Mtu akifa, anaandikwa vile karani anaandika magunia yanayoingia stoo. Wells anasimulia watu wanaungua kwenye uwanja, na sentensi inayofuata inaeleza mashine inavyofanya kazi. Nilisoma nikasema huyu mzee hana moyo. Vijana nao, wiki ya kwanza walikuwa kumi na wanne, wiki ya pili walikuwa wanane, na kati ya hao wawili walikuja juu ya biskuti.

Nilitaka kukirudisha katonini. Kilichonizuia ni maneno machache ya sura ileile ya kwanza, yaliyojificha katikati ya somo la nyota.

Pale Wells anawaambia Waingereza wenzake wasiwahukumu viumbe wa Mirihi haraka, kwa sababu wao wenyewe wamefuta wanyama duniani, na wamefuta hata watu. Anatoa mfano: watu wa Tasmania, kile kisiwa cha kusini mwa Australia. Anasema wazungu waliohamia kule waliwapiga vita mpaka wakawamaliza kabisa, kwa muda wa miaka hamsini.

Fikiria mwaka wenyewe. Juni 1897 London walikuwa kwenye sherehe kubwa ya Malkia Victoria kutimiza miaka 60 kwenye kiti, askari kutoka makoloni wanapita barabarani wanapigiwa makofi. Na mwaka huohuo mtu anawaandikia kwenye gazeti la kununua dukani: wekeni kwamba ninyi ndio mnaofanyiwa. Baadaye Wells alieleza kwamba wazo lilitoka kwa ndugu yake Frank. Walikuwa wanatembea mashambani, kumetulia, Frank akauliza itakuwaje viumbe wa sayari nyingine wakitua hapa ghafla na kuanza kutupiga. Wells alihisi kwamba labda walikuwa wametoka kuongea habari za Tasmania. Wakati huo alikuwa anakaa Woking, anajifunza baiskeli, na mwenyewe alisema alikuwa anazunguka akichagua sehemu na watu wa kuangamiza kwenye hadithi yake.

Hapo nilimpenda. Lakini katika maneno hayohayo anawaita wale waliouawa kwa neno la kuonyesha kwamba wao ni jamii za chini, na anaongea kana kwamba wao walifanana tu na binadamu. Ni kama mtu anayekupokea mzigo huku amekukanyaga mguu. Unamshukuru, unamsukuma, hujui uanze na lipi.

Basi nikaendelea. Na kitabu kikageuka.

Kuna sehemu msimulizi anaona moto unakaribia, anataka kumtoa mke wake. Anakimbia mpaka kwa mwenye hoteli wa pale kijijini, ambaye ana gari dogo la farasi. Anamkuta mtu mwingine keshafika, anaongea naye. Mwenye hoteli anasema bei ni pauni 1. Msimulizi, akiwa nyuma ya yule mtu, anasema ninatoa 2, na nitalirudisha kabla ya usiku wa manane. Mwenye hoteli anashangaa, haraka ya nini? Yeye bado hajui kinachokuja. Msimulizi anamweleza kwa mkato tu kwamba inabidi aondoke nyumbani, anachukua gari, anaenda. Usiku anarudi nalo kweli, lakini njiani kuna mvua ya radi, mashine inatokea, gari linapinduka na farasi anavunjika shingo. Anatembea gizani kwa miguu, anajikwaa kwenye maiti. Radi inapiga, anaona uso. Ni yule mwenye hoteli. Anamruka, anaendelea kupanda mlima.

Mistari michache tu. Hakuna kilio, hakuna maelezo ya dhamiri. Niliisoma nikafunga kitabu, nikakaa nje.

Nitaeleza kwa nini. Julai 2012, M23 walipoichukua Bunagana, nilikuwa na miaka kumi. Sisi tulikuwa kijiji kimoja upande wa Jomba. Bibi yangu hakuweza kutembea. Papa alienda kwa jirani yetu aliyekuwa na chukudu. Kwa msomaji ambaye hakulelewa Kivu ya Kaskazini: chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kinasukumwa na mtu, kinabeba viazi, makaa, na siku ya vita kinabeba mgonjwa. Palikuwa na mzee mwingine pale anapatana bei. Papa akatoa dola 10, akasema kesho asubuhi nitakirudisha. Jirani akakubali. Alikuwa anasema hizi ni risasi za mbali, zitatulia kama siku zingine. Tukampakia bibi na godoro moja, tukaenda. Mpakani tulikiegemeza kwenye mti, tukavuka. Kesho asubuhi tulikuwa Nyakabande, kituo cha muda cha upande wa Kisoro, tunasubiri gari la kuja huku. Mpaka leo hatujapata habari ya yule jirani.

Papa husimulia safari ile mara nyingi, na anaisimulia vilevile kama Wells. Saa ngapi tulitoka, wapi tulipumzika, nani tulimkuta, bei ya maji. Ile ya chukudu inapita kwa sentensi moja. Miaka yote nilifikiri kwake si kitu. Baada ya kusoma kile kitabu sina hakika tena kama mtu anayeongea kwa ubaridi hana moyo.

Jumamosi iliyofuata sikuwasimulia nyota tena. Niliwasimulia sura za ndugu yake msimulizi, mwanafunzi wa udaktari, anayekimbia London pamoja na watu milioni 6. Wanane wangu wakawa kumi na wawili. Kuna mtu ameanguka na mfuko wa sarafu za dhahabu katikati ya barabara, magari yanakuja, yeye anaokota, gurudumu linampitia mgongoni, mkono bado umeshika pesa. Kuna vumbi, kuna kiu, kuna watu wa mjini wenye nguo nzuri wanachechemea. Kuna mama mmoja hajawahi kutoka Uingereza, analia arudishwe nyumbani, juu anaogopa nchi ya wageni. Kwake yeye Wafaransa na viumbe wa Mirihi wanaweza kuwa kitu kimoja. Hapo vijana walicheka mpaka jirani akachungulia. Kila mmoja anamjua huyo mama. Wengine tulikuja naye kwenye gari moja.

Kijana mmoja, huyu ambaye kwa kawaida haongei, akauliza: "Yaya, huyu muzungu alishakimbia vita?"

Hapana. Wells hakukimbia vita. Alikuwa kwenye baiskeli.

Sijui nifanye nini na jambo hilo. Kuna watu wetu waliokimbia mara tatu na hawawezi kuandika barabara ile vile yeye ameiandika, na yeye aliipata kwa kuwaza tu. Inaniuma na ninaikubali.

Mwishoni mwa safari yao wanafika baharini. Pwani kuna vyombo vya kila namna. Wanapata meli ya moshi na wanapatana nauli, pauni 36 kwa watu watatu. Meli inaenda wapi? Ostend. Mimi niliwasimulia hivyohivyo, nikataka kuendelea na mapigano ya ile manowari inayojitoa kufa ili meli ipite. Kijana aliyesoma Kongo mpaka sekondari akanikatiza: Ostend si iko Ubelgiji?

Iko Ubelgiji. Mimi nilikuwa nimepita pale bila kuona.

Mwaka 1898 Kongo yetu haikuwa hata koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili peke yake, tangu 1885 mpaka 1908. Mwaka 1897, gazeti linapoanza kutoa hadithi ya Wells, askari wa Force Publique waliokuwa chini ya Dhanis waliasi kaskazini-mashariki, na vita vyao vikateremka vikatambaa mashariki kwetu. Mwaka 1898 reli ya Matadi kwenda Léopoldville ilifunguliwa, na mizigo ya raba ikapata njia nyepesi ya kufika baharini. Habari nyingi za mikono iliyokatwa zilitoka upande wa Équateur, kule raba ilikolipishwa kwa kushika wake za watu mateka. Kwa hiyo wakimbizi wa Wells, wanapotoroka viumbe wanaoteka nchi na kunyonya damu ya watu (ndiyo, wale wa Mirihi wanaishi kwa damu), wanakwenda kujificha kwa nani? Kwa Leopold. Na Ostend ndio mji wake wa bahari alioupenda kuliko yote, akaujengea fahari wakati mali ya Kongo inaingia. Kuna sanamu yake kule, juu ya farasi, iliyowekwa 1931, na chini yake Wakongo wamechongwa wanamshukuru. Mwaka 2004 watu walikata mkono wa mmoja wa wale Wakongo wa shaba, ili ifanane na historia.

Wells hakutaja Kongo hata mara moja. Simlaumu sana kwa hilo, kelele kubwa juu ya Leopold zilipata nguvu Uingereza miaka michache baadaye. Lakini vijana hawakutaka nimtetee. Msichana mmoja, ana miaka kumi na saba, akasema: "Sasa sisi ni nani mu hiki kitabu? Waingereza, ao watu wa Tasmania?"

Nikajibu haraka, kama wanavyojibu viongozi wa vikundi wasiojua: labda wote wawili. Hakuridhika. Akauliza lingine: "Kama waliisha wote, nani aliwahesabu?"

Hilo nililibeba nyumbani. Nilinunua bando, nikakaa na simu usiku nne. Ninayoandika hapa ndiyo yaliyobadilisha namna ninavyokisoma kile kitabu, kwa hiyo msomaji nivumilie, nitakwenda polepole.

Waingereza waliweka makazi Tasmania mwaka 1803. Walihitaji ardhi ya kondoo. Miaka ya 1820 ikawa vita kamili: wenyeji wanachoma vibanda na kuua wachungaji, wahamiaji wanavamia usiku kwenye moto wa kambi na kuua familia nzima. Mwaka 1830 gavana alipanga watu kama 2,200, askari, wafungwa na raia, wajipange mstari wapite porini wakiwasukuma wenyeji upande mmoja, kama watu wanavyofukuza sungura shambani. Baada ya wiki nyingi walikamata watu 2.

Kilichofanya kazi ni maneno. Fundi mjenzi mmoja, George Augustus Robinson, alizunguka kisiwa kwa miguu pamoja na wenyeji waliokubali kumsaidia, akiwashawishi waliobaki watoke porini, watakuwa chini ya ulinzi wa serikali, watapata chakula na nguo. Wakapelekwa kisiwa kingine kidogo, Flinders, mahali palipoitwa Wybalenna. Maana yake ni nyumba za watu weusi. Kuanzia 1833 waliishi hapo, wanapewa mgao wa unga, chai na sukari, wanafundishwa dini, na Robinson akawapa majina mapya. Karibu watu 200 waliingia. Ilipofungwa mwaka 1847, waliotoka hai na kupelekwa Oyster Cove walikuwa 47. Wengi walikufa kwa magonjwa ya kifua.

Nilisimama hapo kwa muda. Sitasema Rwamwanja ni Wybalenna, huo ungekuwa uongo na tungewakosea wale waliokufa. Hapa tumepewa kipande cha kulima, tunatoka, tunaenda sokoni, na tulikuja kwa miguu yetu. Lakini mgao ninaujua. Jina kuandikwa upya na mtu asiyelijua, hilo pia. Kwenye karatasi zangu moja mimi nina jina la mwanaume. Na ulinzi ambao ndani yake watu wanaendelea kufa polepole, hata hilo si neno geni kwa wasomaji wa jarida hili.

Kisha nikafika kwenye jambo ambalo, nawaambia kweli, lilinifanya niamke kitandani. Mwaka 1836 pale Wybalenna lilianza gazeti. Liliitwa Flinders Island Chronicle. Liliandikwa kwa mkono na vijana wenyeji, Thomas Brune na Walter George Arthur, nakala moja moja, bei peni 2. Kila toleo lilitakiwa kupita kwa mkuu wa kambi alisahihishe kwanza. Kwa hiyo sehemu kubwa ni mahubiri na kumsifu mkuu. Lakini kadiri siku zinavyokwenda kitu kingine kinapenya. Kuelekea mwisho wa 1837 Brune anaandika kwamba watu wanazidi kufa, na anauliza kwa nini wasimwombe mfalme awaondoe mahali pale. Alipitishaje maneno hayo mbele ya msahihishaji? Nimejiuliza sana. Sisi tunaotoa jarida hili kwa mashine ya fotokopi ya kuazima tunajua kuna njia za kuandika jambo.

Miaka michache baadaye yule mwenzake, Walter George Arthur, sasa mtu mzima, alikuwa mmoja wa wanaume 8 waliotuma ombi kwa Malkia Victoria, Februari 1846. Walimlalamikia msimamizi wao. Na walisema jambo ambalo ningependa kila kijana wa hapa alijue: kwamba wao ni watu huru, hawakutekwa, walitoa nchi yao kwa mapatano, wao wameshika upande wao na serikali haijashika wake. Hawakuomba huruma. Walikumbusha deni. Msimamizi akaondolewa, na mwaka uliofuata kambi ikafungwa.

Na yule msichana wangu aliyeuliza nani aliwahesabu? Jibu ni kwamba walihesabiwa na walewale waliotaka hesabu ifike mwisho. Mwaka 1876 alikufa mwanamke mmoja aitwaye Truganini, na serikali na magazeti wakasema huyo ndiye wa mwisho, basi. Mwenyewe aliomba azikwe kwa heshima, lakini mifupa yake ikaja kuwekwa kwenye makumbusho ya Hobart, watu waione, kuanzia 1904 mpaka 1947. Kwa hiyo Wells hakubuni yale maneno yake. Aliyapokea kama kila Mwingereza alivyoyapokea, akayapitisha mbele akiwa na nia njema.

Lakini pale Wybalenna, mwaka 1834, alikuwa amezaliwa mtoto, Fanny. Alikua, akaolewa, akawa Fanny Cochrane Smith, akazaa watoto 11. Kitabu cha Wells kilitoka 1898. Mwaka 1899, yaani mwaka mmoja baada ya kitabu kuwaambia wasomaji kwamba watu hawa wamefutwa, huyu mama alisimama mbele ya pembe la mashine ya kunasa sauti akaimba nyimbo za kwao, kwa lugha yao, zikaingia kwenye nta. Alirudia tena 1903. Kuna picha yake, amevaa vizuri sana, uso umekaribia pembe. Sauti ipo mpaka leo, ukiwa na bando unaweza kuisikia. Inakwaruza, inapotea, inarudi. Na wajukuu wa vitukuu vyake wapo, pamoja na wazao wa wanawake waliochukuliwa na wawinda sili kwenye visiwa vya kaskazini. Ni maelfu. Wanadai mifupa ya wazee wao kutoka makumbusho za Ulaya, wanairudisha lugha yao. Mifupa ya Truganini yenyewe ilichomwa na majivu yakamwagwa baharini karibu na kwao, mwaka 1976.

Jumamosi niliwachezesha vijana ile sauti kwa simu. Hakuna aliyeelewa neno hata moja. Waliomba irudiwe mara nne.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mwisho wa kitabu. Viumbe wa Mirihi hawashindwi na mizinga. Wanakufa kwa mikrobu, vijidudu vya kawaida ambavyo miili ya watu wa dunia ilishavizoea na yao haijavizoea. Vijana walisema mwisho huo ni wa uvivu, kama sinema iliyoishiwa pesa. Mimi naona ni mahali ambapo Wells aligeuza historia kichwa chini. Tasmania magonjwa yalikuja na mgeni na kumuua mwenyeji. Kongo ya Leopold, na hata huku Uganda upande wa Busoga, miaka ileile ugonjwa wa malale ulimaliza vijiji, ukisaidiwa na watu kuhamishwahamishwa, na njaa. Kwenye kitabu cha Wells udongo wenyewe unamtetea mwenye nchi. Huo ndio ubunifu mkubwa wa kisayansi mle ndani, kuliko mashine za miguu mitatu. Sijui sehemu yoyote ya historia niliyoisoma ambako ilitokea hivyo.

Kitabu kimebaki kwenye katoni yetu. Bado sipendi uandishi wake. Ukiniuliza nikushauri ukisome nitakuambia ruka kurasa za nyota, na utakaporuka utayakosa yale maneno ya Tasmania, kwa hiyo sijui. Yule msichana ameandika kando yake kwa kalamu ya risasi: si kweli, 1899 aliimba. Nilitaka kumgombeza juu ya kuchafua kitabu cha wote. Nikanyamaza.

Wiki iliyopita nilimsimulia Papa habari ya gari la farasi. Alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Nilimwambia yote, pauni 1, pauni 2, ahadi ya kurudisha usiku, radi, uso. Hakusema kitu. Nilidhani hakusikiliza. Halafu akauliza yule mwenye gari alikuwa na watoto?

Nikaingia ndani, nikatafuta ukurasa, nikasoma tena mbele na nyuma. Kitabu hakisemi.

"Wa kwetu alikuwa nao wanne," Papa akasema, akavuta ungo karibu.